Virgin River: mkunga mjane, mji wa watu 600 na mapenzi yasiyo na papara

Jamani wapenzi wa stori za mapenzi, kama hamjasoma Virgin River ya Robyn Carr kitafuteni. Kilitoka 2007, wengi hapa Dar tunaijua ile tamthilia ya Netflix iliyoanza 2019, ila mi leo naongelea kitabu maana kina vitu vyake. Nakala yangu nimeipata kwenye vitabu vya mtumba Posta, Kiingereza chake chepesi, unakisoma kwenye mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni hata kama umesimama.

Stori iko hivi. Mel Monroe ni nesi mkunga wa Los Angeles, mumewe daktari wa idara ya dharura anauawa dukani kwenye ujambazi. Anaona tangazo la kazi, mji mdogo milimani kaskazini mwa California, watu 600, nyumba bure. Anafika nyumba yenyewe gofu, barabara zinatisha, na daktari mzee wa pale Doc Mullins hataki hata msaidizi. Anataka kugeuza arudi zake, mara kichanga kinakutwa kimeachwa kibarazani. Safari ikafia hapo.

Mi nafanya kazi wodi ya wazazi kwa hiyo hapo ndo kitabu kilinishika. Mwandishi anajua kitu ambacho stori nyingi za mapenzi zinaruka, kwamba kichanga hakijali kama umefiwa, saa nane usiku kinataka maziwa, unaamka unakibeba unakipakata mpaka kicheue, na asubuhi unashangaa umepitisha usiku mzima hujalia. Mel anaanza kupona hivyo, kwa mikono kuwa na kazi, kabla hata mambo na Jack, mwenye baa ya pale mjini, hayajaeleweka. Wagonjwa wengine hawana hela wanaleta vyakula, nikakumbuka wenzangu waliopangiwa zahanati za vijijini wanavyoletewa kuku na mihogo na mtu ataumia kweli ukikataa.

Kilichoniuma zaidi ni ule upweke wake. Kwetu mfiwa ana utaratibu, Mwislamu ana eda yake miezi minne na siku kumi, Wakristo tuna arobaini, mashangazi na mama wadogo wanalala kwako kwenye mikeka, kuna mtu kazi yake ni kukusimamia unywe uji tu. Wakati mwingine unachoka na watu lakini wapo. Huyu binti ana dada yake Joey wa kumpigia simu, basi. Amezika akarudi kazini, kwa hiyo kilio chote kinamsubiri mbele ya safari, na kumbukumbu ya kifo cha mume inapofika kinamwagika chote kwa mpigo. Jack anakaa nae tu. Hamwambii jikaze, hamwambii mbona siku nyingi. Nilifunga kitabu kwanza nikapumua.

Jack Sheridan ni mwanajeshi mstaafu wa Marine, ana baa ndo kila mtu anakula pale, mpishi wake Preacher jitu zima kimya kimya lakini roho nzuri ajabu. Jack anampenda Mel mapema, sisi wasomaji tunajua, yeye anatengeneza lile gofu bila kuombwa na anasubiri. Mwanaume anayejua unampenda marehemu bado na hashindani nae, huyo nimempenda sana na nimeamini kila neno lake.

Sijapenda vyote lakini. Charmaine, yule mwanamke Jack aliyekuwa nae mji wa jirani, anaachwa harakaharaka kama kikwazo cha kupisha tu, na yeye ni mtu, angepewa hata kurasa chache za maumivu yake. Wanaume nao karibu wote warefu, mabega mapana, washika bunduki, ungetamani hata mmoja awe fundi cherehani. Na ile hali ya daktari mmoja mzee na hospitali kuwa mbali huko milimani, mi ningetaka hofu yake iguswe zaidi, mama akianza kutoka damu barabara kama ile si mchezo. Halafu kuna kurasa za chumbani zimeelezwa waziwazi, kwa hiyo usimpe mdogo wako wa sekondari kwa kuona kava lina mandhari nzuri.

Kwa aliyefiwa ningesema kisome ila usianze mwezi wa kwanza, kuna sehemu zitakukata. Kwa aliyehamishiwa mkoani na anajiona katupwa, anza hata leo. Kitabu cha pili kinaitwa Shelter Mountain, ni zamu ya Preacher, mama mmoja anatokea baa usiku na mtoto mdogo anamkimbia mume anayempiga. Hicho bado nakitafuta, mwenye nacho tubadilishane, changu nakitoa na kiko kizima.