The Campaign Trail: Nixon ashinde 1960, halafu iweje?

Mwaka 1960 John F. Kennedy alimshinda Richard Nixon kwa kura zisizofika 120,000, kati ya zaidi ya milioni 68 zilizopigwa. Mwanya ukiwa mwembamba kiasi hicho, si ajabu wapenzi wa historia mbadala, yaani hadithi za mambo yangekuwaje kama tukio moja lingegeuka, hawaishi kuurudia uchaguzi ule. Nixon angeingia Ikulu ya Marekani miaka minane kabla ya wakati wake, na njia yake yote ya kisiasa ingepinda. The Campaign Trail, mchezo wa bure wa kwenye kivinjari uliobuniwa na Dan Bryan, ni mahali pazuri pa kulijaribu swali hilo. Kwa hesabu za majimbo ni mzuri sana. Kwa maisha ya kisiasa ya rais huyo wa kubuni, unakufanyia nusu ya kazi tu.

Mchezo wenyewe ni maandishi na ramani. Ukiacha picha za wagombea, hauna mapambo. Unachagua mwaka, mgombea, mgombea mwenza na kiwango cha ugumu. Kisha unajibu maswali 25 ya kuchagua jibu, yanayofuata mambo yaliyokuwa yakibishaniwa mwaka huo. Katikati ya maswali unaulizwa uende jimbo gani kupiga kampeni. Mwishoni matokeo yanaingia jimbo baada ya jimbo, na hapo ndipo hata mtu mzima hujikuta akiitazama Ohio kwa wasiwasi. Msomaji wa kasi ya kawaida humaliza ndani ya nusu saa hivi.

Ukitaka kuutumia kwa kazi ya maana, elewa kwanza jibu lako linafanya nini ndani ya mitambo. Jibu moja linaweza kugusa mambo matatu kwa mpigo: kukupandisha au kukushusha nchi nzima, kusogeza msimamo wako katika suala fulani, na kukuongezea au kukupunguzia kura katika jimbo lililotajwa. La kati ndilo linalowapoteza wengi. Kila jimbo lina msimamo wake katika kila suala, na uzito wake. Misimamo ya mgombea mwenza nayo inachanganywa na yako. Ukijibu swali moja la haki za Weusi kwa kuwaridhisha wazungu wa Kusini, na la pili kwa kuwaridhisha wapiga kura wa Chicago na Detroit, hupati pande zote mbili. Majibu yanavutana, unabaki katikati, na mwaka 1960 hapakuwa na wapiga kura wengi wa katikati kwa suala hilo. Mchezo haukwambii kwamba umejipinga. Unaona tu Illinois imelegea na South Carolina haijakaza.

Ziara za kampeni zinasaidia jimbo ulilokwenda tu, na ni chache. Nixon halisi aliahidi kufika majimbo yote 50 na akatimiza. Mwishoni mwa juma la mwisho alikuwa Alaska, jimbo la wajumbe 3 (wajumbe wa majimbo ndio wanaomchagua rais, na kwa kawaida mshindi wa jimbo huwachukua wote), huku Illinois yenye wajumbe 27 ikimponyoka kwa kura 8,858. Zitumie ziara zako kwa majimbo makubwa yenye tofauti ndogo. Kupeleka ziara mahali ulikokwisha shinda ni kuitupa.

Sehemu inayoharibu majaribio mengi ni kiwango cha ugumu. Kiwango hicho kinazidisha au kupunguza nguvu zako kila jimbo kwa pamoja. Majibu yenyewe hayawi ya busara zaidi wala ya kijinga zaidi. Mtu akicheza kwenye kiwango chepesi, Nixon anashinda New York na Massachusetts, kisha anaandika kurasa kumi kueleza “kwa nini” Massachusetts ilimkimbia Kennedy. Hapana sababu hapo. Ni kizidishio. Kwa historia mbadala inayoaminika, kaa kwenye kiwango cha kawaida na usikiguse.

La pili ni bahati nasibu. Majibu yaleyale, mgombea mwenza yuleyule, yanaweza kutoa matokeo tofauti kidogo kila mara, kwa sababu mchezo unaongeza mtikisiko juu ya hesabu. Kwa jimbo lililoamuliwa kwa asilimia kumi haidhuru. Kwa Hawaii, ambayo Kennedy aliichukua kwa kura 115, hilo ndilo linaloamua. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni huu: cheza kwanza ukijibu kama mgombea halisi alivyofanya, uone mchezo unakupa picha gani ya msingi, rudia mara tano au zaidi, andika pembeni majimbo yanayogeuka na yasiyogeuka, kisha badilisha jambo moja tu na urudie tena idadi ileile. Ukibadilisha mgombea mwenza na majibu saba kwa pamoja, hutajua kilichokupa Texas. Chukua picha ya skrini ya kila matokeo, maana ukurasa ukifungwa au ukipakiwa upya mchezo umekwenda.

Tuweke 1960 mezani. Kennedy alipata wajumbe 303, Nixon 219, na seneta Harry Byrd wa Virginia 15 kutoka kwa wajumbe wa Kusini waliokataa wote wawili. Waliohitajika ni 269 kati ya 537. Illinois peke yake haimwokoi Nixon: anafika 246 na Kennedy anabaki na 276. Illinois na Texas zinamfikisha 270, yaani mmoja tu juu ya kinachohitajika. Lakini kuna njia ya tatu ambayo wachezaji wengi huipita bila kuiona. Mpe Nixon Illinois na New Jersey, zote zilizopotea kwa kura chache, na matokeo yanakuwa Nixon 262, Kennedy 260, Byrd 15. Hakuna aliyefika. Uamuzi unakwenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, 26 zikihitajika, na chama cha Kennedy ndicho kilichokuwa na wabunge wengi. Mwandishi wa historia mbadala akiiona hiyo asiitupe. Ina hadithi nono kuliko ushindi wa 270.

Alabama ihesabu kwa mkono. Wajumbe wake 11 waligawanyika, 5 kwa Kennedy na 6 kwa Byrd, na kanuni ya mshindi kuchukua wote haiwezi kuionyesha hali hiyo.

Miaka mingine ipo na si yote yenye utamu sawa. Wa 1916 ni mzuri kwa mtu anayetaka kuona jimbo moja likibadilisha dunia: Charles Evans Hughes, aliyegombea dhidi ya Rais Woodrow Wilson, angeichukua California, iliyomponyoka kwa kura zisizofika 4,000, angefika wajumbe 267 huku wanaohitajika wakiwa 266, na Wilson angeondoka kabla Marekani haijaingia vitani. Mwaka 1844 Henry Clay aliikosa New York kwa kura 5,000 na ushei wakati chama kidogo cha kupinga utumwa kilikusanya zaidi ya 15,000 huko huko. Wajumbe 36 wa jimbo hilo wangempa 141, na 138 walitosha. Mwaka 1948 Thomas Dewey alihitaji Ohio, California na Illinois zote tatu ili afike 267. Hiyo ni ngumu kuipata bila kuchezea ugumu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Wa 2000 ni wa Florida tu, kura 537, na baada ya michezo michache unachosha.

Sasa nusu ambayo mchezo haufanyi. Matokeo yakishatangazwa, basi. Hakuna baraza la mawaziri, hakuna Bunge, hakuna muhula. Anayetaka kazi ya kisiasa ya Rais Nixon wa 1961 inabidi aanze na vitu ambavyo ushindi wake haubadilishi, na ni vingi kuliko watu wanavyodhani.

Bunge kwanza. Chama cha Democratic, chake Kennedy, kilikuwa na wingi mkubwa katika mabunge yote mawili, na kugeuza kura elfu kadhaa Illinois na Texas hakuwaondoi. Tena Lyndon Johnson, mgombea mwenza wa Kennedy, mwaka huohuo aligombea pia useneta wa Texas, sheria ya jimbo ikiwa imerekebishwa kumruhusu, na akashinda. Tiketi ya Kennedy ikianguka, Johnson anarudi Seneti alikokuwa kiongozi wa walio wengi. Rais Nixon asingepitisha lolote bila kukaa mezani naye. Kennedy mwenyewe alikuwa amechaguliwa upya seneta mwaka 1958, kwa hiyo kiti chake kilikuwa salama hadi Januari 1965. Ana miaka 43, ana jina, na 1964 iko mlangoni. Historia mbadala nyingi za Nixon humfuta Kennedy siku ya kushindwa kana kwamba amehama nchi, na hilo ndilo kosa lao kubwa.

Kisha yaliyokwisha anza. Mpango wa kuwapa silaha wakimbizi wa Cuba ulikubaliwa na Rais Eisenhower Machi 1960, Nixon akiwa makamu wake. Ungemkuta mezani. Kwenye Mahakama Kuu, majaji Charles Whittaker na Felix Frankfurter waliondoka 1962 kwa sababu za afya. Afya zao hazikujali nani yuko Ikulu, hivyo Nixon anapata nafasi mbili, na anazipeleka kwenye Seneti ya Johnson. Marekebisho ya 22 ya katiba, yaliyoidhinishwa 1951 na yanayomruhusu rais kuchaguliwa mara mbili tu, yanamzuia kupita Januari 1969. Na kabla ya 1967 hapakuwa na njia ya kujaza nafasi ya makamu wa rais ikibaki wazi, kwa hiyo ukimwua au kumwondoa Henry Cabot Lodge, mgombea mwenza wa Nixon, katika hadithi yako, kiti kinabaki kitupu hadi uchaguzi unaofuata. Usimteue mtu.

Mtandaoni wapo wachezaji waliotengeneza modi zao, yaani vifurushi vya ziada vyenye chaguzi ambazo hazikuwapo, vikiwamo vya historia mbadala. Ubora unapishana mno. Nzuri zinakuwa na maswali yanayouma na athari zilizopimwa. Mbaya ni hadithi ndefu ya mwandishi ambayo majibu yako hayaigusi. Jaribio rahisi: cheza mara mbili, mara ya pili ukichagua majibu yanayopingana na ya kwanza. Ramani ikibaki vilevile, achana nayo.

Kasoro za kawaida zipo. Maandishi yote ni ya Kiingereza, na si cha mtoto wa shule. Bila kuijua siasa ya kipindi husika, nusu ya majibu utayachagua kwa kubahatisha. Maelezo ya jimbo huonekana ukipitisha kipanya juu ya ramani, kwa hiyo kompyuta inafaa kuliko simu. Maoni ya mshauri baada ya kila jibu yanasaidia mara za mwanzo, lakini hayakupi takwimu. Na maswali hayabadiliki kwa mwaka uleule, hivyo kufikia mara ya kumi unajibu kwa mazoea.

Mshindani wake anayetajwa sana ni The Political Machine wa kampuni ya Stardock, uliotoka mara ya kwanza 2004 na unaolipiwa. Huo una fedha za kampeni, matangazo na safari za wiki kwa wiki, na wagombea wenye vichwa vikubwa vya katuni. Unafurahisha zaidi kwa wawili wanaoshindana. Kwa swali la “jibu hili lingemgharimu Nixon jimbo gani” hausaidii, kwa kuwa umejengwa juu ya fedha na mbio, si juu ya yale hasa yaliyotokea 1960. Anayeandika abaki na wa bure, afungue daftari pembeni, na aanze na Illinois.