Ripoti ya Gari Inaishia Bandarini: Ipi Ulipie, Ipi Uache

Toyota IST yangu niliinunua 2022, ikiwa na karatasi ya mnada safi, yaani ripoti ya mkaguzi wa mnada wa magari Japani: gredi 4, ambayo ni hali nzuri, kilomita 81,000. Dalali aliikunjua mbele yangu taratibu kama cheti cha ndoa. Nikalipa. Mwezi wa pili fundi akavuta mkanda wa dereva mpaka ule mkia ambao hakuna anayeufikia, na kwenye shubiri ya mwisho tukaona mstari wa tope lililokauka. Akainua kapeti. Chini kulikuwa na mchanga laini, kama wa kwenye mtaro.

“Dada, hii ililala kwenye maji.”

Karatasi haikudanganya hata neno moja. Iliandikwa Japani mwaka 2016. Maji yaliikuta hapa hapa Dar, na hakuna aliyeyaandika popote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue ripoti gani, sianzi na bei. Namuuliza: inaishia tarehe gani? Gari la Japani rekodi zake huishia mnadani au melini. Baada ya hapo ni giza. TRA wana usajili, polisi wana faini, TIRA, wasimamizi wa bima, wana bima. Ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA unajua kama bima ni hai. Kwamba lilibingirika mwaka juzi, hilo huambiwi. Wakenya wana nafuu kidogo, maana rekodi ya NTSA, mamlaka yao ya usafiri, inakutajia mmiliki na kama kuna mkopo juu ya gari. Ila mafuriko nayo haiyajui.

Basi nikizipanga:

Namba moja ni karatasi ya mnada, na mimi ni mtu wa USS, sifichi. Ndiyo kampuni kubwa kuliko zote za minada ya magari Japani, na anayekagua si yule anayeuza. Angalia mchoro wa gari kwenye karatasi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Ukiona gredi R au RA, gari liligongwa likatengenezwa. Si kosa kununua R, kosa ni kuinunua kwa bei ya 4. Lakini karatasi itafute mwenyewe kwa namba ya chasisi. Picha ya WhatsApp iliyokatwa pembe, ile pembe yenye gredi au tarehe, ichukulie kama hujaonyeshwa kitu.

Namba mbili ni cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Ni cha serikali, kina mwaka wa usajili wa kwanza na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao wa lazima. Kilinganishe na dashibodi. Yangu ilisoma 104,000, yaani kilomita 23,000 tu juu ya zile 81,000, kwa miaka sita. IST ya Dar? Zile zinazobeba abiria wa mtandaoni kutwa kucha? Nilipaswa kucheka pale pale.

Namba tatu ni cheti cha ukaguzi wa kabla ya meli, kama cha JEVIC, kampuni ya kukagua magari. Kizuri, nacho kinaishia baharini.

Zile tovuti za dola chache zinazodai namba ya herufi na tarakimu, jumla 17, achana nazo kama gari ni la soko la Japani. Chasisi ya IST nyingi inaanza na NCP na haifiki 17. Gari likitoka Marekani, sawa, Carfax, ripoti ya historia ya magari ya kule, inakuhusu.

Giza la kuanzia bandarini halina ripoti ya kununua, lina fundi. Mlipe wewe, asiwe wa yadi. Avute mikanda yote mpaka mwisho, apitishe mkono kwenye reli za viti atafute kutu. Washa swichi bila kupiga injini: taa ya airbag lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaiziba.

Na madalali nao! “Gari la mama, kazini na kanisani tu.” Huyo mama ana magari mangapi jamani? Yupo kila yadi niliyoingia. Ukiomba namba ya chasisi kabla ya kulipa kishika uchumba, unaambiwa hauko siriazi. Ukitaka kuja na fundi, gari limeshapata mteja. Halafu kamisheni anachukua kwako na kwa muuzaji, na siku tope linaonekana simu yake haipatikani.

Mimi bado ninayo, kwa sababu nikiiuza kwa ukweli hakuna atakayefika nusu ya pesa yangu. Kioo cha nyuma kushoto kinajishusha chenyewe, na kinapenda zaidi siku za mvua.