Biro ya ushauri pale Nyawera: kama ndugu yako ananunua shamba Marekani, pitisha dosye huku kwanza

Nawapa nyota 4 kwa 5, na ile moja niliyotoa nitaeleza kule chini. Hii biro iko Nyawera, etaje ya pili, juu ya duka ya vitenge, haina kibao kubwa, uliza tu wale wanauzaka forfe pale mlangoni watakuonyesha ngazi. Ni wanasheria wawili, muzee moja na mama moja, na kazi yao ni kusomea watu dosye za ng'ambo: kontra za nyumba, mirathi, makaratasi ya mashamba. Sisi tulienda juu ya shamba na maji yake, njo maana naandika mrefu hivi, juu naona familia nyingi za Bukavu sasa zinachanga feza na watoto wao wa kule bila kujua kwamba kule haki ya kutumia maji ya shamba inaweza kupotea ukiiacha miaka bila kuitumia.

Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, eko Boise, jimbo la Idaho, kama Wakongomani wengi waliofika kule na programu ya wakimbizi. Alipata shamba ya kununua upande wa Caldwell, ekari kama sita, na huku nyumbani tulikuwa tumeuza parsele ya mzee ya Bagira ili tuingie naye kwa kazi ya mboga, lengalenga, sombe kama itakubali, maharagwe mabichi, vile vitu wamama wetu wa kule wanatafutaka. Tangazo ya shamba ilisema inauzwa na haki yake ya maji, namba iko, tarehe ya 1954 iko, kisima na pompi viko kwa picha. Kuna biro ingine tulipitia mbele, sitaitaja jina, wao waligonga muhuri wakasema dosye iko sawa kabisa, wakachukua feza yao basi.

Huyu mama wa Nyawera alisoma karatasi mbili za kwanza kisha akainua macho akauliza: hii shamba imemwagiliwa mara ya mwisho mwaka gani? Sisi tukaangaliana tu. Akasema muulizeni muuzaji atume faktire za umeme wa pompi, za kila mwaka, na yeye mwenyewe akafungua Google Earth kwa mashini yake, akarudisha picha nyuma mwaka kwa mwaka, maana ile programu inaweka ata picha za zamani. Ukiangalia 2013, shamba ni kijani mpaka kwa kingo. 2017 bado kijani. Kisha inaanza kuwa rangi ya majani makavu, na picha zingine zote zilizofuata ni ile rangi tu, wakati ya jirani pale kando, ng'ambo ya barabara, inaendelea kijani kila majira ya joto. Akatuonyesha na kidole chake pale kwa kisima, majani yameota mpaka yamefunika njia ya kufikia pompi. Faktire zilipofika zikasema vile vile: tangu 2018 pompi haikula umeme wowote wa maana.

Sasa sikilizeni sheria yenyewe vile alitueleza, na yaya aliithibitisha kule kwa avoka. Mangaribi ya Marekani maji ni kidogo na watu wa kuitaka ni wengi, kwa hiyo walipanga kwamba aliyeanza kutumia mbele njo anapewa mbele. Kwa Idaho iko ndani ya katiba yao ya 1890. Mwaka wa ukame, mwenye tarehe ya 1954 anachukua yake yote, mwenye ya 1980 anaweza kufungiwa kabisa, njo maana muuzaji alikuwa anaipigia debe ile tarehe na kuipandisha bei. Lakini haki hiyo inaishi kwa kutumiwa. Ukipitisha miaka 5 mfululizo bila kutumia maji kwa kazi yenye faida, kama kumwagilia, sheria ya Idaho inasema imepotea, inarudia jimbo, na mwingine anaweza kuiomba. Utah ni miaka 7, Colorado ukifika miaka 10 wanaanza kuhesabu kwamba umeiacha. Kila jimbo na yake, kwa hiyo usichukue habari ya binamu yako wa Denver uipeleke Boise.

Kwa sisi watu wa huku ni ngumu kuingia kichwani. Kwa Bushi, mtu aliyetoa ng'ombe akapata kalinzi, ile haki ya kimila ya shamba inayotoka kwa mwami, anajua shamba ni yake na ya watoto wake, na mwenye setifika ya serikali anaiweka kwa sanduku analala usingizi, ingawa ata sheria yetu ya ardhi ya 1973 inataka mtu aendeleze kiwanja alichopewa. Mimi nilifikiria sana hiyo sheria ya Idaho na naona iko na haki yake, juu haifai mtu akalie maji hatumie na huku shamba ya mwenzake inakauka. Lakini pia iko na ubaya, inasukuma wengine kumwaga maji ata wasipoihitaji, juu wanaogopa kupoteza. Na inamuumiza mgeni anayenunua kwa imani, anaonyeshwa karatasi safi na nyuma yake hakuna kitu.

Milango ya kujiokoa iko. Mwenye shamba anaweza kuomba aongezewe muda, mpaka miaka 5 ingine, kama ana sababu nzuri na aombe mbele ya ile 5 ya kwanza kuisha. Anaweza pia kuweka haki yake kwa ile wanaita benki ya maji ya Idaho, wengine wakaikodisha, na wakati iko mule hesabu ya miaka inasimama. Kuna pia sababu zilizo nje ya uwezo wake. Mama akatwambia muulizeni muuzaji alifanya gani kati ya hizo. Hakufanya ata moja. Kuna pia njia ya kusema nilianza kutumia tena mbele ya mwingine kudai ile maji, korti zimeshaikubali, lakini alikataa kutuahidi chochote juu ya hiyo, akasema hiyo ni kazi ya avoka wa pale pale. Hapo nilimheshimu sana, maana wengi wangekula feza yetu kwa kutupa matumaini.

Yaya aliingia kwa tovuti ya idara ya maji ya Idaho, unaweka namba ya haki tu inafunguka, mtu yeyote anaweza kuona. Jina iliyokuwa pale ata haikuwa ya muuzaji, ilikuwa ya mwenye wa mbele yake, na sheria inataka mwenye mpya ajulishe idara ndani ya siku 120. Muuzaji akasema basi kisima kitawatosha. Sheria inaruhusu kisima cha nyumbani bila kuomba haki ya maji, mpaka galoni 13,000 kwa siku, na cha kumwagilia ni nusu ekari tu. Sisi tulitaka sita. Muuzaji alikataa kushusha bei, yaya akaacha, feza ya Bagira iko salama.

Sasa anaangalia shamba ingine inayopata maji kwa kampuni ya mfereji, haki yenyewe iko kwa kampuni, wewe unakuwa na hisa. Mama alishamwandikia vya kuuliza: hisa zinauzwa pamoja na shamba ao hapana, malipo ya kila mwaka yamelipwa, na mfereji unafika kweli kwa kiwanja.

Nyota niliyotoa ni ya kuchelewa. Walisema siku mbili, ripoti ikakuja wiki imeisha na muuzaji alikuwa anatusukuma kila usiku. Na ripoti yao ni kifaransa kizito ya vifungu, mama yetu hakuelewa kitu, ombeni wawatumie vokali, ujumbe wa sauti, ya kiswahili, wakikubali inakuwa wazi sana. Tulilipa dola 40, resi tulipewa. Mukienda pelekeni namba ya haki ya maji, ramani ya kiwanja na faktire za pompi, na mwende asubuhi, mchana umeme unakatikaka na mashini yao haina betri nzuri.