Fonti Nene, Pana na za Mlalo: Ipi Inunuliwe kwa Mabango na Vichwa vya Habari

Anayetafuta fonti ya bango, nembo au jalada lenye kuashiria kasi mara nyingi hufikia herufi za aina moja: nene, pana, zilizolalia kulia na zisizo na vijimkia kwenye ncha zake. Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba mlalo huo umechorwa na msanifu, wala si programu iliyozisukuma tu herufi za wima upande mmoja. Ikuze herufi O hadi ijae skrini: katika mlalo wa kulazimishwa, mstari wake hunenepa juu kulia na chini kushoto, kisha hukonda katika pembe mbili zilizobaki, na kadiri fonti ilivyo nene ndivyo kasoro hiyo inavyojitokeza.

Nafasi ya kwanza naipa Archivo ya Omnibus-Type, kundi la wasanifu wa fonti. Ni fonti badilifu, yaani faili moja hubeba unene wote kuanzia 100 (mwembamba kabisa) hadi 900 (mnene kabisa) na upana wa asilimia 62 hadi 125 ya ule wa kawaida, na herufi za mlalo zina faili lake. Hutolewa kwa leseni huria ya shirika la SIL, ambayo huruhusu kazi za biashara bila malipo ilimradi fonti yenyewe isiuzwe peke yake. Kwa hiyo sioni sababu ya kununua nyingine kabla ya kuijaribu hii.

Ya pili ni Anybody, yenye leseni hiyo hiyo na upana unaofika asilimia 150. Maumbo yake ya mraba-mraba yanafaa sana michezo na magari, ila yakijaa ukurasa mzima huchosha.

Neue Helvetica, iliyotoka mwaka 1983, ina Bold Extended Oblique (yaani nene, pana na ya mlalo) iliyotulia kuliko zote hapa. Naiweka ya tatu kwa sababu ya gharama tu: leseni ya kompyuta, ya tovuti na ya programu ya simu kwa kawaida hulipiwa kila moja kivyake, na mteja akibadili mawazo katikati ya kazi, hesabu huanza upya. Roboto Flex ni ya bure na hutanuka hadi asilimia 151, lakini mlalo wake hukomea nyuzi 10, kiasi ambacho kwenye herufi pana huonekana cha woga.

Yoyote utakayoichagua, andika kwanza NG'OMBE na MAWASILIANO kwa ukubwa halisi wa kazi yako. Neno la kwanza litaonyesha kama ritifaa (alama ya ') imeacha pengo kati ya G na O. La pili litaonyesha kama upana huo unaenea kwenye mstari mmoja. Kwenye tovuti, pakia pia faili la mlalo, kwa kuwa kivinjari kikilikosa hujitungia mlalo wake, hata kama fonti umeinunua kihalali.