Wodini: zamu yenye urefu wa saa 8 au wa saa 12?

Wauguzi wengi huipenda zamu ya saa 12: siku za kupumzika zinaongezeka, nauli inapungua, na wodi inakabidhiwa mara 2 kwa siku badala ya 3. Hilo la makabidhiano si dogo. Dripu iliyobadilishwa bila kuandikwa kwenye faili hupotelea hapohapo. Tatizo ni zile saa 2 za mwisho, muuguzi anapopiga hesabu ya dozi ya mtoto kwa uzito huku miguu imemvimba. Utafiti wa wauguzi uitwao RN4CAST katika nchi 12 za Ulaya, uliochapishwa 2014, ulihusisha zamu ndefu hizo na huduma duni na kazi zilizoachwa bila kufanywa. Zamu ya saa 8 haichoshi hivyo, ila anayetoka usiku huhangaika na usafiri. Wodi ya wagonjwa mahututi ningeipa saa 8, na gari la kuwarudisha wauguzi nyumbani.