Maktaba ya matangazo ya Facebook: nyota 3 kwa 5

Nimeitumia hii maktaba wiki mbili, sanasana jioni nikiwa kwa matatu ya Githurai jam imeshikana Roysambu, juu naona watu washaanza kuulizana kama matangazo ya siasa yapigwe marufuku mitandaoni kabla ya uchaguzi wa 2027.

Kwanza ni ya bure na hata akaunti hauhitaji. Unachagua Kenya, unachagua siasa, unaandika jina la mheshimiwa, unaona nani amelipa, amelipa kama ngapi (ni makadirio, sio pesa kamili) na tangazo limeonyeshwa watu wa umri gani. Hata likitolewa linakaa humo miaka 7. Nilionyesha mzee anashona viatu hapa stage akashika simu akaangalia weee, akaniuliza, "Kijana, kumbe hii walilipia? Mimi nilidhani ni habari." Hapo tu kwangu imeshatosha kuwa na kazi. 2017 zile video za kutisha za The Real Raila, za kumchafua Raila Odinga, zilitufuata kila mahali bila jina la mtu nyuma yake, uchaguzi ukaisha ndio tukaskia ni kampuni ya huko Texas ilizitengeneza.

Sasa ubaya. Kujua aliyelipa haisaidii kama sumu imeshapita. Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, mashirika ya Global Witness na Foxglove walipeleka matangazo ya chuki ya majaribio, ya Kiswahili na ya Kingereza, na Facebook ikayapitisha, NCIC (tume ya uwiano ya Kenya) ikawapa Facebook siku 7 wajirekebishe. Hiyo iliniuma sana, sisi tulioona ghasia za baada ya kura ya 2007 tunajua maneno yanaweza kufanya nini.

Lakini marufuku nayo siitaki. Twitter walipiga marufuku Novemba 2019, na bado 2021 utafiti wa Mozilla ukaonyesha vijana wetu wakilipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kampeni tatu za siku moja wapandishe hashtagi za kutusi majaji na watu waliopinga BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba. Pesa ya siasa ilikuwa inapita vilevile, ni risiti tu ndio hatukuwa nayo, na mimi afadhali tangazo lenye risiti naweza kumwonyesha yule mzee.

Nyota mbili zilizobaki nitaziweka siku tangazo la Kiswahili litasomwa na mtu anayeelewa Kiswahili na sheng ya hapa kabla lipitishwe, na iwe kabla ya Agosti 2027.