Sakafu nne, mbwa wawili wakubwa: tailizi ya kukwaruza ndiyo iliyobaki sebuleni

Kwetu mbwa wanaingia ndani. Najua kwa wengi mbwa mwisho wake ni barazani, na kuna nyumba hata hapo hafiki. Sisi tunakaa Njiro, Arusha, na baridi ya mwezi wa saba ndiyo iliyowaingiza Bosco na Tausi wakiwa bado watoto, hawakutoka tena. Bosco ni Rottweiler wa kilo 52. Tausi ni German shepherd wa kilo 34, mwaka huu katimiza miaka minane. Ndani ya miaka sita tumekanyaga sakafu nne, mbili kati ya hizo nimezing'oa kwa hela yangu mwenyewe. Naandika kwa anayejenga au kukarabati na ana mbwa mwenye uzito wa mtu.

Nyumba tuliikuta na tailizi nyeupe za kung'aa, zile unazojiona uso. Kila mgeni alizisifu. Mwaka wa kwanza ungeniuliza, ningekujibu kama wauzaji wote wanavyojibu: weka tailizi, kucha haziingii. Na kweli haziingii, sijawahi kuona mkwaruzo hata mmoja. Lakini ukucha usipopata pa kushika, mbwa anateleza.

Jioni moja baba Neema alipiga honi getini. Tausi akatoka jikoni mbio kama siku zote, akafika kona ya korido, miguu ya nyuma ikampita. Ikatawanyika huku na huku, akaangukia nyonga, na mlio alioutoa sikuwahi kuusikia kwake. Daktari wa mifugo alimpapasa, akamkunja mguu taratibu, akasema misuli imevutika na kwamba mbwa wa aina hii mara nyingi wanarithi nyonga zenye hitilafu, kila wanapoteleza wanazidi kuziumiza. Akaandika dawa ya maumivu. Kisha akaniuliza: "Mama, nyumbani una sakafu gani?" Nilikuwa nimeshaongea na mafundi wanne kuhusu nyumba ile, hakuna aliyeniuliza juu ya mbwa.

Baada ya hapo Tausi alikataa sebule. Anasimama mlangoni, miguu ya mbele juu ya zulia dogo la kufutia viatu, anatuangalia tukila. Nikamtandikia mikeka midogo mpaka kwenye kochi. Akawa anapita juu yake kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mkeka mmoja ukisogea kidogo anageuza, anarudi alikotoka. Hilo lilinichoma zaidi ya kuanguka kwenyewe.

Sakafu ya pili ilikuwa lamineti, ile mbao ya kupachika. Unene milimita 8, kwenye boksi imeandikwa AC3. Duka nililonunua, mjini hapa, walinihakikishia kwamba maji haiogopi. Nawaambieni ilivyo: juu kuna picha ya mbao na tabaka gumu la kuikinga, chini yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa, na unga wa mbao ukinywa maji unavimba haurudi. Bosco akinywa maji, nusu inatoka naye kwenye mashavu mpaka mita mbili kutoka kwenye bakuli. Kufikia miezi minne, viungo vyote vya upande wa jikoni vilikuwa vimeinuka kingo kama mkate uliolowa chai. Halafu Tausi akaumwa tumbo usiku mmoja, tukachelewa kuamka, na harufu iliyoingia kwenye viungo haikutoka kwa sabuni wala kwa magadi. Kuteleza nako hakukupungua sana. Nikaing'oa kabla ya mwaka kwisha. Herufi hizo za AC zinapima uso unavyohimili kusuguliwa, juu ya maji hazikuambii kitu. Ningelijua hilo dukani ningeokoa hela.

Sakafu ya tatu iko bado, chumbani kwa watoto, na naisifu kwa haki yake. Ni vinaili ngumu inayoitwa SPC, unga wa chokaa uliochanganywa na plastiki, nayo inapachikwa kama lamineti lakini hainywi maji. Mguu hauhisi baridi. Kucha hazipigi kelele juu yake, na Tausi anatembea bila kusita kwa sababu inalegea kidogo sana chini ya wayo. Kwa miaka miwili imepata mistari myeupe ya kucha karibu na mlango ambapo Bosco hugeuka kwa kasi. Inaonekana ukiinama, jua likiwa upande. Ukinunua, uliza unene wa tabaka la juu kabisa, lile la kuvaliwa. Yangu ni milimita 0.3. Kwa mbwa wa kilo 50 ningetafuta 0.5 na kuendelea, hata kama rangi ninayoipenda haipo. Tatizo kubwa lilitoka chini: chumba kilikuwa na bonde dogo, fundi hakulisawazisha, na hapo kiungo kimeshaachia kwa sababu kila Bosco anapopita ubao unashuka na kupanda. Na usiitandaze mbele ya mlango wa kioo unaopigwa na jua mchana kutwa, ikipata joto inatanuka na kuinuka.

Basi nikarudi kwenye tailizi, safari hii nikitafuta ya kukwaruza, isiyong'aa wala kulainika. Fundi alisikitika kweli. "Mama, hizo ni za bafuni na barazani. Sebuleni weka inayong'aa, watu waione." Nilimwelewa, ndivyo sote tulivyozoea. Lakini nilikwenda duka lingine, nikanunua tailizi mojamoja za aina tatu, nikazipanga mlango wa jikoni, nikazimwagia maji na kumwita Bosco na mfupa. Kwenye ya kwanza alipiga breki, akapitiliza. Ya pili alisimama, vidole vikiwa vimejikunja, ambayo ni dalili kwamba anatafuta pa kushika. Ya tatu alisimama wima na kula mfupa wake palepale kwenye maji. Nikageuza boksi lake: R10. Hiyo R ni kipimo cha kuteleza, inaanzia 9 mpaka 13, namba ikipanda sakafu inashika zaidi. Juu ya R10 kwa ndani ni kujitafutia kazi ya kusugua. Ni tailizi ya poselini, iliyochomwa kwa joto kali hadi hainywi maji zaidi ya nusu asilimia ya uzito wake, sentimita 60 kwa 60, rangi ya majivu. Ukiwa umechagua aina yenye rangi ya juu tu, tazama pia alama ya PEI, inayopima rangi hiyo inavyohimili kusuguliwa na inayoishia 5, na usishuke chini ya 4. Vumbi la huku kwetu ndilo linalokula sakafu, kucha ni kidogo. Mbwa analeta mchanga kwenye nyayo kisha anausugua siku nzima.

Sebule na korido ni mita za mraba 42. Boksi moja linafunika 1.44, kwa hiyo yalihitajika 30, nikachukua 33. Kila boksi shilingi 34,000, jumla 1,122,000, na fundi 6,000 kwa mita. Zile za kung'aa za ukubwa huohuo zilikuwa na bei karibu sawa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba usalama wa mbwa ni wa matajiri. Hakikisha namba ya rangi kwenye maboksi yote ni moja, hata yale ya akiba. Yangu matatu yako chini ya kitanda cha wageni.

Kwenye kazi yenyewe nilisimamia mambo mawili tu. Kwanza saruji ya chini. Fundi alizoea kuweka mafungu matano, manne pembeni na moja katikati, kisha anabandika na kugonga. Katikati ya mafungu panabaki hewa, na mbwa mzito akitua kutoka kwenye kochi kila siku, siku moja inapasuka. Nilimwomba apake gundi chini kote kwa mwiko wa meno. Jioni nilipita na sarafu ya mia mbili, nagonga kila tailizi pembe nne na katikati. Iliyoshika inatoa mlio mfupi, mzito. Yenye hewa inalia kama kibuyu. Nilipata kumi na moja, zote kwenye korido alipokuwa ameharakisha. Hakubisha, alizitoa asubuhi yake na kuzirudia. Ni kijana mwaminifu, namwita tena.

Pili ni viungo. Alikuja na saruji nyeupe ya kujazia, kama kawaida. Saruji nyeupe na mkojo wa mbwa hawakai pamoja, inanyonya, inageuka njano kisha inanuka kila masika hewa ikiwa na unyevu. Tukaacha viungo vya milimita 3 tu, tukajaza grauti ya kijivu iliyokolea, na kuzunguka mabakuli na mlango wa nyuma tukaweka ya epoksi. Epoksi, gundi ya kemikali inayokauka ngumu kama plastiki, ni ghali na inaganda haraka, fundi anatakiwa achanganye kidogo kidogo. Lakini hainyonyi kitu.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Tailizi ya kukwaruza inashika uchafu. Deki la kawaida linaacha ukungu wa kijivu, na dada anayenisaidia nyumbani alinuna wiki mbili za mwanzo, alikuwa na haki. Tulichogundua: kwanza kufagia kavu vizuri, kisha brashi ya nyuzi laini na sabuni kidogo, kisha suuza kwa maji matupu. Sabuni ikizidi inabaki kwenye vinyweleo na kuvuta vumbi. Nta na polishi usithubutu, utakuwa umelipia R10 ukarudi ulikotoka. Ni baridi pia. Bosco alianza kuota sugu kwenye viwiko kwa kulala sakafuni, ngozi ikawa ya kijivu na ngumu kama kisigino, mpaka tulipomshonea godoro la sponji la inchi nne. Na kelele za kucha usiku zipo. Tunazikata kila wiki tatu, na Tausi tunampunguza manyoya yanayoota kati ya vidole, yale yanafunika nyayo yote na kumtelezesha hata kwenye sakafu nzuri.

Kwa asiye na bajeti ya tailizi, sakafu ya niru, ile ya saruji iliyolainishwa juu, haina aibu. Nyumba ya baba yangu huko Moshi ina niru nyekundu ya zamani, mbwa wamekulia humo na haijawahi kumwangusha yeyote tangu mama alipoacha kuipaka polishi. Mwambie fundi asiisugue mpaka ing'ae, amalizie kwa ubao wa kupigia plasta badala ya mwiko wa chuma. Terazo, saruji yenye vipande vya mawe inayosagwa mpaka ilainike, ndiyo ningeipenda kuliko zote, inadumu kuliko aliyeijenga, lakini mafundi wake wamebaki wachache na mashine ya kusaga inakodishwa kwa bei ya kutisha.

Tausi alichukua siku tisa kuiamini sebule. Siku ya kumi nilimkuta amelala katikati, mbali na mkeka wowote, miguu minne imenyooka. Kilichobaki ni ngazi mbili za mlango wa nyuma, bado zina zile nyeupe za zamani na mvua ikinyesha namshika kola kushuka. Fundi anarudi Jumatatu.